Kufunga Supachaja Katika Gari la Zamani la V8 Linalotumika Kila Siku Dar es Salaam

Ndugu mafundi, wanafunzi wa umakanika, na ninyi wenye magari ya zamani mliofika jioni hii, nawashukuru kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie kufunga supachaja katika gari la Kimarekani la miaka ya 1960, na nimechagua Ford Mustang ya mwaka 1965 kuwa mfano, kwa sharti kwamba mwenyewe analiendesha kila siku kwenda kazini na kurudi. Sharti hilo ndilo linalobadili karibu kila uamuzi tutakaoufikia.

Supachaja ni pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini ili ipate nguvu zaidi, nayo huzungushwa kwa mkanda kutoka kwenye kranki, yaani mhimili mkuu wa injini. Asili yake ni ya zamani kuliko gari: ndugu wawili wa Marekani, Philander na Francis Roots, walipata hataza ya pampu yao mwaka 1860, nayo ikatumika kupuliza hewa katika tanuri za chuma. Hata kwa Mustang si jambo geni, kwa kuwa mwaka 1966 Shelby GT350, toleo la Mustang lenye nguvu zaidi, iliweza kununuliwa ikiwa na supachaja ya kampuni ya Paxton.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Injini yetu ni V8, yaani ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, ina ujazo wa lita 4.7, yenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) ya matundu manne, uwiano wa mgandamizo wa 10 kwa 1, yaani pistoni huubana mchanganyiko hadi sehemu moja ya kumi ya ujazo wake, na nguvu za farasi 225 kwa kipimo cha wakati ule. Dar es Salaam iko usawa wa bahari, hivyo hewa inayotuzunguka ina mgandamizo wa pauni 14.7 kwa kila inchi ya mraba. Tukiongeza pauni 6 tunafika 20.7, yaani mara 1.41 ya tulipoanzia, na mwenye haraka atasema kwamba nguvu nazo zimepanda kwa asilimia 41. Hazijapanda hivyo. Hewa inayosukumwa hupata joto, na hewa ya moto ni nyepesi. Mchana wa nyuzi 32, pampu ya aina ya Roots yenye ufanisi wa asilimia 60 itaitoa hewa hiyo ikiwa karibu nyuzi 84, na uzito wa hewa inayoingia katika silinda utakuwa umeongezeka kwa asilimia 20 tu, kabla hatujatoa nguvu ambazo pampu yenyewe inazila kupitia mkanda. Tukiweka intakula, yaani kipoza hewa kinachokaa kati ya pampu na injini, ikaishusha hewa hiyo hadi nyuzi 50, na mgandamizo wake usipotee njiani, ongezeko linafika asilimia 33. Pampu ni ileile na mgandamizo ni uleule; faida yote hiyo imetokana na kuondoa joto.

Ndiyo maana nashikilia kwamba katika jiji hili kazi ya kufunga supachaja ni kazi ya kupambana na joto. Nilipokuwa kijana niliwahi kushiriki katika kazi ya namna hii, tukafunga pampu vizuri, mkanda ukakaa sawa, gari likatoka karakana likiunguruma kwa namna iliyotufurahisha sote, na baada ya wiki chache likarudi likivutwa, gasketi ya silinda hedi imeungua na pistoni mbili zimetoboka. Hatukuwa tumegusa rejeta, wala hatukuwa tumerudisha nyuma moto wa plagi, yaani kuchelewesha kidogo cheche yake. Bado nasikitika ninapoikumbuka injini ile, kwa sababu ilikuwa nzima kabla hatujaishika.

Kilichoiua ni kugonga. Mchanganyiko wa hewa na petroli ukibanwa kupita kiasi huku una joto, sehemu yake hulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia, na mshindo huo hupiga pistoni kama nyundo. Hesabu ya haraka ya mafundi inatuonya mapema: uwiano wa mgandamizo wa 10 ukizidishwa kwa 1.41 unatoa 14, ambao ni mkubwa mno kwa petroli ya kituoni, ilhali ukibadili pistoni ukashuka hadi 8.5 unapata 12, na hapo injini inaweza kuishi kwa uangalifu. Mwenye gari asiyetaka kufungua injini aridhike na pauni 3 au 4. Moto wa plagi nao urudishwe nyuma kwa takriban digrii 1 kwa kila pauni iliyoongezwa, na mchanganyiko uwe mzito, karibu sehemu 12 za hewa kwa 1 ya petroli, wakati pampu inasukuma.

Kuhusu petroli, naomba msikilize kwa makini. Wamarekani huandika oktani, yaani uwezo wa petroli kustahimili kugonga, kwa wastani wa vipimo viwili vya maabara, RON na MON, kwa hiyo 91 yao ni sawa na takriban 95 au 96 kwa kipimo cha RON pekee. Mwongozo wa Kimarekani unaodai 93 unataka karibu 98 ya RON, na fundi anayejaza 95 akidhani amezidisha, kwa kweli amepunguza.

Kwa matumizi ya kila siku mimi napendelea supachaja ya feni, inayosukuma hewa kwa gurudumu lenye mapanga linalozunguka kwa kasi, kuliko ya Roots. Msukumo wake hukua kwa mraba wa kasi ya mzunguko, hivyo gari linapotambaa katika foleni ya Barabara ya Morogoro karibu haifanyi kitu, injini inabaki tulivu, na nguvu zinakuja pale njia inapofunguka. Roots husukuma mapema, jambo linalopendeza sana kwenye kilima, lakini hukaa juu ya injini kama jiko, na petroli huanza kuchemka ndani ya kabureta. Rejeta ya safu tatu au nne, feni yenye kava linalofika kingo zote, na bomba la petroli lililowekwa mbali na egzosi vinunuliwe kabla ya pampu yenyewe.

Breki nazo zisisubiri. Mustang nyingi za 1965 zilitoka kiwandani na dramu katika magurudumu yote manne, nazo zikipata moto hupoteza nguvu; wekeni diski mbele.

Kazi ikikamilika, jaribuni gari saa kumi na moja jioni kutoka Kariakoo hadi Kimara, wakati foleni imejaa, mkiwa na kipimo cha joto la maji na kingine cha joto la hewa inayoingia. Mkisikia mlio kama wa kokoto zinazotikiswa katika kopo, ondoeni mguu kwenye mafuta mara moja, mrudi karakana, na mfunge puli kubwa zaidi kwenye pampu ili izunguke polepole.