Soya Imo Kwenye Fomula, Kuku Haipati

Ndugu wafugaji wa Mtwara, asanteni. Mwenyekiti ameanza kutabasamu, anajua ninakoelekea. Nitalisema tena, maana juzi tu nimeletewa vifaranga wa nyama waliodumaa, manyoya yamesimama, na mwenyewe ameshika karatasi: "Fomula iko sawa, mtaalamu." Kweli, iko sawa. Mahindi, pumba, soya, dagaa, premiksi ya vitamini na madini; protini ukiipiga hesabu inatimia. Dawa ameshabadilisha, aliyemuuzia vifaranga ameshamgombeza. Tukapasua mmoja: kongosho limevimba. Nikamuuliza, soya umeikaanga? "Nimeianika juani vizuri sana."

Jua! Jua linakausha, halipiki. Soya mbichi ina kizuizi cha tripsini, kile kimeng'enya kinachovunja protini ndani ya utumbo. Kongosho linahangaika kufidia, linavimba, na protini uliyoinunua kwa fedha yako inaishia kwenye maranda. Osborne na Mendel wa Marekani walionyesha mwaka 1917, kwa panya, kwamba soya iliyopikwa inakuza na mbichi haikuzi. Miaka zaidi ya 100, sisi bado tunaanika.

Namwona mzee pale anataka kuniambia kuku wa bibi yake walikula kunde mbichi na hawakufa. Shikamoo mzee. Kuku wa bibi alidonoa punje chache, akaenda kuchakura mchwa. Wa kwako umemfungia bandani, na karibu theluthi moja ya chakula chake ni soya. Hana pa kukimbilia.

Sasa, utajuaje imeiva? Mbolea ya Urea mnayo. Chukua kijiko cha soya iliyosagwa, kijiko cha Urea, maji ya uvuguvugu kidogo, tia kwenye chupa, funika, subiri dakika 20. Fungua, nusa. Ikikupiga amonia, ile ile inayokuchoma macho kwenye banda lililolowa, soya bado mbichi. Kimeng'enya cha soya kinachovunja Urea hufa kwa moto karibu sambamba na kile kizuizi, ndiyo maana kinatupa habari. Halafu mwaga! Urea isiingie kwenye chakula. Kuku si ng'ombe.

Lakini chupa haitakwambia kama umeiunguza. Wapo wanaokaanga mpaka inanuka kahawa, wakidhani moto zaidi ni usalama zaidi. Ukiunguza, laisini, kijenzi muhimu cha protini, inashikamana na sukari na kuku hawezi kuichukua; umetoka shimo moja ukaingia jingine. Geuza muda wote, ipua ikiwa ya dhahabu. Anayeshindwa kukaanga sawasawa aloweke, achemshe nusu saa, ndipo aanike.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mbaazi, basi, kwa haraka: tangu India, mnunuzi wetu mkubwa wa mbaazi, ilipobana uagizaji mwaka 2017 mmekuwa mkiniuliza kama kuku wanaweza kuzila. Wanaweza, lakini nazo zipikwe, na zenye ganda jeusi zikobolewe, tanini, ile inayozuia protini isimeng'enywe, imo kwenye ganda. Fosforasi ya mbegu hizi, sehemu kubwa imefungwa, kuku hawezi kuitumia. Wenye uwezo waongeze kimeng'enya cha faitezi kinachoifungua, wengine msiache unga wa mifupa. Na msiondoe dagaa kwa kuwa soya imeiva vizuri: methionini, kijenzi kingine cha protini, ni haba kwenye jamii ya kunde, na moto hauiongezi.

Haya, maswali. Mama wa nyuma, karibu, ila usiniulize dawa.