Ikilinganishwa na Nini?

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, mahakimu na maofisa wa ustawi wa jamii mlioacha majalada mezani mkapanda kuja hapa Mlimani, nanyi wanafunzi wa uzamili mnaoanza muhula huu: asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie mbinu za kutathmini programu katika sekta ya haki. Nitaanza na maboksi mawili ya karatasi.

Kabla sijawa mwalimu nilifanya kazi katika mradi wa elimu ya sheria hapa hapa Dar es Salaam. Tulizunguka Mbagala, Tandale, Buguruni na Kigogo tukiwafundisha kina mama haki za ndoa na mirathi. Kila semina ilikuwa na karatasi ya mahudhurio: jina, mtaa, namba ya simu, sahihi. Mradi ulipofika ukingoni karatasi hizo zilijaa maboksi mawili, na kazi ya kuandika ripoti nikapewa mimi. Nikahesabu sahihi. Nikaandika tumewafikia watu wangapi, katika kata ngapi, nikaweka na picha. Mfadhili akaridhika.

Haukupita muda nikakutana kituo cha daladala na mama aliyehudhuria semina zetu tatu. Mumewe alikuwa amefariki, na shemeji zake walikuwa wamemtoa kwenye nyumba. Nikamuuliza kama alifungua shauri la mirathi. Akaniambia, "Mwanangu, haki zangu nazijua, mlinifundisha vizuri. Ila nauli ya kwenda na kurudi mahakamani anipe nani? Na kesi ikiendelea, mimi na watoto tunalala wapi?"

Jibu lile halikuwa na mahali pa kukaa ndani ya maboksi yangu. Sahihi zilihesabu kazi tuliyofanya sisi. Maisha yake hayakuwemo. Na hata angefungua shauri akashinda, bado nisingeweza kuapa kwamba semina zetu ndizo zilizomfikisha huko. Huenda angeshinda bila sisi. Huenda jirani ndiye aliyemsaidia.

Kwa hiyo swali ninalotaka mtoke nalo humu ni hili: ikilinganishwa na nini? Mtu akikwambia programu yake imefanikiwa, muulize kwa adabu, lakini muulize. Ikilinganishwa na hali gani ambayo ingekuwepo kama programu isingekuwepo?

Niwape mfano wa nyumbani. Tangu mwaka 2002 tuna Sheria ya Huduma kwa Jamii. Mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa dogo anaweza kufanya kazi za umma, akasafisha hospitali au kupanda miti, badala ya kwenda gereza la Ukonga au la Keko. Mimi naiunga mkono sheria hii kwa moyo wote, na nasema hivyo mapema ili mjue ninakosimama. Sasa tuseme mwanafunzi analeta tasnifu yenye jedwali moja: waliotumikia huduma kwa jamii wanarudia makosa mara chache kuliko waliofungwa. Anaandika kwamba huduma kwa jamii hupunguza uhalifu. Amekosea wapi?

(Hapa mwanafunzi wa kike safu ya mbele alijibu: "Hao walichaguliwa, mwalimu.")

Barabara kabisa. Kabla hakimu hajatoa adhabu hiyo, ofisa humchunguza mtu huyo: ana makazi ya kudumu? Ana familia? Mwenyekiti wa mtaa anamfahamu? Amewahi kufungwa? Wanaopita kwenye chekeche hilo ndio wale ambao hata ukiwaacha waende nyumbani bila adhabu yoyote, wengi wasingerudi mahakamani. Jedwali linapima chekeche, nasi tunadhani linapima adhabu. Mnaotoka kwenye sheria, hili ndilo litakalowasumbua zaidi mwaka wa kwanza, kwa sababu mmezoea ushahidi wa tukio moja: nani alifanya nini, lini, mbele ya nani. Tathmini inauliza juu ya kitu ambacho hakikutokea, na hakuna shahidi aliyekiona.

Tunakikaribiaje? Njia iliyo safi kuliko zote ni kura, yaani bahati nasibu ya kuamua nani apate na nani akose. Miaka ya 1930, huko Massachusetts, Marekani, daktari mmoja aitwaye Richard Cabot alianzisha mradi wa kuwasaidia wavulana wadogo wa miji ya Cambridge na Somerville wasije wakaharibika. Walipangwa jozi jozi, kila mmoja na mwenzake anayefanana naye kwa umri, familia na mazingira. Kisha ikarushwa shilingi: mmoja aingie kwenye mradi, mwenzake aachwe. Walioingia walipata mshauri aliyewatembelea nyumbani, masomo ya ziada, matibabu, na baadhi wakapelekwa kambini wakati wa likizo. Mradi ulifungwa mwaka 1945.

Miaka thelathini baadaye mwanazuoni Joan McCord aliwatafuta wale wavulana, sasa watu wazima. Wengi wa waliosaidiwa walisema mradi uliwafaa, wengine wakiwakumbuka washauri wao kwa upendo mkubwa. Lakini kumbukumbu za mahakama, hospitali na vifo zilipolinganishwa na za wenzao wa shilingi, waliosaidiwa ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi. Waliotenda kosa walirudia zaidi. Dalili za ulevi zilikuwa nyingi zaidi kwao. Walikufa mapema zaidi.

Naomba mlitafakari jambo hili bila haraka. Kama McCord angewauliza waliosaidiwa peke yao, angeandika ripoti nzuri kama yangu. Kundi la pili, ambalo halikupewa chochote, ndilo lililosema kweli. Baadaye yeye na wenzake walihisi tatizo lilikuwa kambini, hasa kwa waliopelekwa zaidi ya mara moja: ukiwakusanya vijana wenye matatizo mahali pamoja, wanafundishana. Nikiona programu hapa mjini inayowakusanya vijana wa vijiweni na kuwaweka pamoja wiki mbili, hiyo ndiyo hofu yangu ya kwanza, hata kama nawaheshimu sana wanaoiendesha.

Kisa cha pili nakipitia upesi. Miaka ya 1970 wafungwa wa gereza la Rahway, New Jersey, walianza kuwatisha vijana waliopelekwa gerezani kutembelea, wakiwaonyesha ubaya wa jela ili waogope. Mwaka 1978 ikatengenezwa filamu, nayo ikapata tuzo ya Oscar. Mtafiti James Finckenauer alipolinganisha vijana waliopelekwa na wasiopelekwa, waliopelekwa walifanya makosa zaidi. Majaribio mengine yaliyokusanywa pamoja baadaye yakaelekea huko huko. Na bado mtu akipendekeza jambo la aina hiyo kwenye mkutano wa wazazi, watu hupiga makofi.

(Hakimu mmoja aliomba nafasi: "Mwalimu, nakuelewa, lakini mimi siwezi kurusha shilingi mahakamani. Mtu akistahili dhamana, anastahili.")

Asante, Mheshimiwa. Nilikuwa nalisubiri swali hili, na sitalikwepa. Haki ya mtu haipigiwi kura. Penye sheria inayosema huyu apewe, apewe leo. Lakini angalia kitu kingine: msaada ambao hautoshi kwa wote. Hapa kwetu mahabusu anaweza kuwa amepewa dhamana, ila akarudi gereza la Segerea kwa sababu hana wadhamini wawili wenye vitambulisho na barua za serikali ya mtaa. Tuseme shirika linaanza kuwasaidia mahabusu kuwapata wadhamini, na lina wasaidizi wa kisheria wanne tu. Lazima wengine wakose. Sasa nani akose? Aliye mbali? Asiye na ndugu wa kupiga simu? Kwa maoni yangu kura ya wazi ndiyo haki kuliko zote hapo, na papo hapo inatupa kundi linganishi.

New York walifanya karibu na hilo mwaka 1961, chini ya taasisi iliyoitwa Vera. Wanafunzi wa sheria waliwahoji mahabusu: unakaa wapi, kwa muda gani, unafanya kazi gani, una ndugu gani mjini? Wenye mizizi walipendekezwa kuachiwa bila kuweka fedha. Ili kupima, baadhi ya waliostahili, waliochaguliwa kwa kura, mapendekezo yao hayakupelekwa kwa jaji. Ilionekana wazi kwamba majaji wakipewa taarifa huachia watu wengi zaidi, na walioachiwa walirudi mahakamani. Mwaka 1966 Marekani ikapata sheria mpya ya dhamana kwa mahakama zake za shirikisho. Hata hivyo, wale ambao mapendekezo yao yalizuiwa walilala ndani. Mimi bado sijapata amani na hilo, na msomaji wa tasnifu zenu atawauliza.

Hata kura yenyewe si ngeni kwetu. TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ilipojaribu ruzuku kwa kaya maskini Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, vijiji 80 vilipigiwa kura: 40 vikaanza, 40 vikasubiri. Kusubiri zamu Mtanzania anakuelewa, mradi aone kwamba zamu haikuuzwa.

Pasipowezekana kura kuna njia nyingine, nazo mtazisoma, ila zina mitego. Jimbo la Connecticut, Marekani, lilikaza adhabu za mwendokasi baada ya watu 324 kufa barabarani mwaka 1955. Mwaka uliofuata wakafa 284, na gavana akatangaza ushindi. Mtafiti Donald Campbell na mwenzake wakarudi nyuma wakachora miaka yote. Wakakuta idadi hupanda na kushuka kila mara, na mwaka 1955 ulikuwa kilele. Baada ya kilele kinachotarajiwa ni mteremko, sheria iwepo isiwepo. Mkisikia kwamba mashauri ya mirathi yanakwenda kasi zaidi tangu kufunguliwa kituo jumuishi cha mahakama cha Temeke, kinachosikiliza mashauri ya familia, furahini, kisha ombeni takwimu za miaka kadhaa ya nyuma. Ulizeni pia kama aina ya mashauri yanayofika pale ni ile ile.

Kuhusu takwimu zenyewe nina neno, maana huku ndiko tasnifu nyingi zinakofia. Kurudia kosa ni nini? Kukamatwa tena, kutiwa hatiani tena, au kufungwa tena? Ukichagua kukamatwa, huenda unapima bidii ya polisi kuliko tabia ya mtu. Halafu polisi wana daftari lao, mahakama ina lake, magereza wana lao. Juma Athumani wa kituoni ni Juma Othman mahakamani, na gerezani ameandikwa kwa jina la babu. Ukiunganisha majina vibaya unamgeuza mkosaji sugu kuwa watu watatu waliokosea mara moja moja, na programu inaonekana imefaulu. Mwanafunzi wangu mmoja alimaliza miezi minne kwenye kazi hii tu. Nilimwambia, na nawaambia nanyi, hiyo ndiyo tasnifu yenyewe.

Wala msidharau kukaa na watu. Monrovia, Liberia, watafiti waliwafuatilia vijana 999 wa mitaani. Kwa kura, wengine walipata tiba ya fikra na tabia, wengine dola 200, wengine vyote viwili, wengine hawakupata kitu. Tiba peke yake ilififia baada ya mwaka, lakini tiba pamoja na fedha ilidumu. Ninachokipenda zaidi ni kwamba hawakuamini dodoso kirahisi. Waliwatuma watu wakashinde na baadhi ya vijana kwa siku kadhaa, wapige soga, wale pamoja, ndipo wajue kama majibu ya wizi na dawa za kulevya yalikuwa ya kweli.

Mwaka 2023 tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilipitia taasisi za haki jinai za nchi hii na kukabidhi mapendekezo yake. Kila pendekezo linalotekelezwa wilaya moja kabla ya nyingine linawapa nafasi ya kulinganisha, na nafasi hiyo hudumu miezi tu. Nendeni wizarani kabla programu haijaanza. Ukifika imeshaenea nchi nzima, wa kulinganishwa naye hayupo tena.

(Swali la mwisho lilitoka kwa kijana aliyekaa nyuma: "Mwalimu, leo ukipewa tena ule mradi wa semina, ungefanyaje?")

Mwanangu, ningeomba orodha ya mitaa yote tunayokusudia kuifikia ndani ya miaka miwili, niipigie kura mbele ya watendaji wa kata: hii ianze, hii ifuate mwaka ujao. Kabla ya semina ya kwanza ningekwenda mitaa yote nikawaulize wajane wanakaa wapi na nyumba iko kwa jina la nani. Baada ya miezi kumi na miwili ningerudi kwa hao hao na swali lile lile: unalala wapi sasa? Mtaa uliofundishwa na mtaa unaosubiri. Ningetenga fedha ya nauli kwa nusu ya waliofundishwa, tuone kama yule mama alikuwa sahihi kwamba kilichopungua ni nauli. Na ningetumia simu. Namba zote zilikuwemo kwenye karatasi za mahudhurio, maboksi mawili. Hatukupiga hata moja.