Kamera kongwe ya kitaalamu na superzumu ya leo: tupime mwanga unaoingia

Ndugu wapiga picha, asanteni kwa kuja. Mada niliyopewa ni swali linalomsumbua kila anayetaka kupanda ngazi moja katika kazi hii: je, nichukue DSLR ya kitaalamu, yaani kamera yenye kioo ndani na lenzi inayobadilishwa, iliyokwishatumika, yenye umri wa miaka kumi na zaidi, au nichukue superzumu mpya, ile kamera ambayo lenzi yake haibanduki lakini inavuta mbali kuliko macho yanavyofika?

Ili tusizungumze hewani, nimechagua kamera mbili tuzishike mkononi. Ya kwanza ni Nikon D700. Ilitoka mwaka 2008 ikiwa na sensa (kibao cha ndani kinachopokea mwanga) ya megapikseli 12 iliyotoka kwa kaka yake mkubwa, D3 ya 2007. Ya pili ni Nikon Coolpix P1000 ya mwaka 2018, yenye megapikseli 16 na zumu ya mara 125. Nimechukua kampuni moja kwa makusudi, ili ushabiki wa majina usituharibie mazungumzo.

Mtu akiziweka kwenye karatasi, D700 inashindwa karibu kila mstari. Megapikseli chache. Haina video kabisa, wakati P1000 inarekodi 4K. Skrini yake haikunjuki. Zumu haina, mpaka uinunulie lenzi. Hata hivyo, miaka yote hii bado kuna watu wanaoitafuta D700 kwa bidii, na watu hao si wajinga. Karatasi imeacha kitu. Kilichoachwa ndicho nilichokuja kukizungumzia: mwanga unaingia kupitia tundu lenye upana gani, na ukishaingia unaangukia wapi.

Tuanze na unakoangukia. Sensa ya D700 ina upana wa milimita 36 na kimo cha 24. Ya P1000 ni kama milimita 6.2 kwa 4.6. Zidisheni wenyewe: 864 za mraba upande mmoja, 28 na kitu upande wa pili. Ni tofauti ya mara 30. Kwa hesabu ya stopu tunazotumia kila siku, ambapo kila stopu moja ni mwanga mara mbili, hiyo ni karibu stopu 5. Maana yake ni kwamba mkipiga kitu kilekile, kwa fremu ileile, apecha ileile (namba ya f, inayotaja uwazi wa lenzi) na kasi ileile ya shata (pazia linalofunguka kupitisha mwanga), sensa kubwa inakusanya mwanga mara 30 kuliko ndogo. Sensa za kisasa zimeundwa kwa ustadi zaidi. Nyaya zake zimehamishiwa nyuma ili zisizibe mwanga, na hilo linarudisha sehemu ya pengo. Sehemu tu. Ndiyo maana D700 katika ISO 3200 (ISO ni kiwango cha kukuza mwanga uliopokelewa) inatoa picha unayoweza kuichapisha bila wasiwasi, na sensa ndogo katika ISO hiyohiyo inajaa chengachenga, kisha programu ya kamera inazipangusa na kuondoka na nyuzi za nywele na ngozi ya uso.

Wengi huishia hapo na kutangaza mshindi. Mimi nawaomba tusiishie hapo, kwa sababu hesabu hiyo ina sharti ndani yake: «kwa fremu ileile». Na ndege aliye juu ya mti ng'ambo ya mto hakupi fremu ileile.

Twende kwenye lenzi. P1000 inaandikwa kwamba inafika milimita 3000, kipimo cha jinsi lenzi inavyovuta mbali. Urefu wake halisi ni milimita 539. Hiyo 3000 ni ulinganisho na sensa kubwa, kwamba ungehitaji lenzi ya milimita 3000 kwenye D700 upate mtazamo uleule. Katika urefu huo apecha yake ni f/8. Gawanyeni 539 kwa 8: mnapata milimita 67. Huo ndio upana wa tundu ambalo mwanga wa yule ndege unapitia.

Sasa chukueni D700 na lenzi ya milimita 300 f/4, lenzi ambayo mtu wa kawaida anaweza kuibeba. Mia tatu gawanya kwa nne: 75. Sitini na saba, sabini na tano. Mnaona? Kwa ndege aliye mbali, ambaye huwezi kumsogelea, kamera hizi mbili zinapokea kutoka kwake mwanga unaokaribia kulingana, licha ya tofauti yote ya sensa tuliyoipigia hesabu. Hilo nimeona likiwashangaza hata watu waliofanya kazi hii kwa muda mrefu.

Naona mkono pale nyuma. Swali ni kwamba, je, si ningekata tu picha ya D700 kwenye kompyuta, nikaibakisha sehemu yenye ndege? Swali zuri sana, na jibu lake tulichukue kwenye mwezi, kwa sababu mwezi tunaujua ukubwa wake angani: ni kama nusu digrii. Kwa lenzi ya milimita 300, mwezi unachora duara la milimita 2.7 juu ya sensa. Picha ya D700 ina pikseli 4256 kwa 2832. Duara hilo litachukua pikseli kama 320 kwa upana. Ukikata, hicho ndicho utakachobaki nacho: mwezi wa pikseli 320. Kwa P1000 katika mwisho wa zumu, mwezi unachora duara la karibu milimita 4.9, na sensa yenyewe kimo chake ni 4.6, kwa hiyo mwezi hauenei hata ndani ya fremu. Unaona kingo za mabonde ya mwezi, unaona vivuli ndani yake. Na kwa kuwa mwezi unamulikwa na jua, f/8 haikudhulumu. Mwanga upo wa kutosha.

Kwa hiyo anayetaka mwezi, ndege wa mbali mchana, meli iliyo kwenye upeo wa bahari, au mnyama asiyetaka kusogelewa, P1000 itampa kitu ambacho D700 na lenzi ya 300 haitampa. Nasema hivi waziwazi kwa sababu katika vikundi vyetu kuna tabia ya kuzidharau kamera hizi kana kwamba ni za kuchezea watoto. Kumpa mtu mmoja uwezo huo ndani ya gramu 1415, lenzi ikiwa ndani yake, ni kazi kubwa ya uhandisi. Lenzi ya Nikon ya milimita 600 f/4 ya mwaka 2007 peke yake ina zaidi ya kilo 5. Ina tundu la milimita 150, ndiyo, na hapo hakuna superzumu itakayosogea karibu. Lakini ni wangapi kati yetu watakaoibeba hiyo siku nzima?

Nisiwafiche udhaifu wake pia. Mwanga ukipita kwenye f/8, kila nukta hutawanyika na kuwa kiduara cha kama mikroni 10. Pikseli za P1000 zina upana wa mikroni 1.3 hivi. Nukta moja basi inaenea juu ya pikseli nane kwa upana, na sehemu kubwa ya zile megapikseli 16 zinarudia habari ileile. Bado unapata maelezo zaidi ya yule aliyekata picha ya 300, mara kadhaa, lakini si mara kumi kama namba za pikseli zinavyodai. Kisha kuna hewa. Adhuhuri, ardhi ikishapata moto, hewa iliyo kati yako na kitu cha mbali inachezacheza, na zumu ya 3000 inaikuza hewa hiyo pamoja na ndege wako. Hakuna kamera inayoponya hilo. Pigeni asubuhi mapema, au subirini mawingu.

Sasa tugeuze upande. Tuko ndani ya ukumbi, taa ni hafifu, mtu anazungumza jukwaani, nasi tunaruhusiwa kusogea. Kwenye D700 tunafunga lenzi ya milimita 85 f/1.8. Tundu lake ni milimita 47. P1000 tunaiweka kwenye mtazamo uleule wa 85, ambao kwake ni milimita 15 halisi. Tuipendelee, tujifanye apecha yake bado imefunguka kabisa hadi f/2.8 kama ilivyo mwanzo wa zumu, mtazamo ukiwa mpana kabisa, ingawa ukivuta zumu huwa inajifunga zaidi. Tundu linakuwa milimita 5 na nusu. Mwanga unafuata eneo la tundu, si upana wake, kwa hiyo D700 inapokea kutoka kwenye uso wa msemaji zaidi ya mara 70. Hapa hakuna ustadi wa sensa utakaoziba shimo hilo. Vilevile kitambaa kilicho nyuma ya msemaji kinayeyuka kwa ulaini kwenye picha ya D700, na kwenye P1000 kinabaki kimekazana naye, kila mkunjo ukionekana, kwa sababu tundu dogo huacha karibu kila kitu kwenye fokasi, yaani kikionekana wazi.

Kifaa kilekile, basi, kinakaribia kulingana na mwenzake kwa ndege wa mbali, na kinaachwa mara 70 kwa uso ulio karibu. Anayekuuliza ipi ni bora, kwanza muulize anasimama umbali gani, na saa ngapi.

Fokasi nayo inastahili dakika zake. Ndani ya DSLR, kioo hupeleka mwanga juu kwenye kitundu cha kutazamia, na sehemu ndogo ya mwanga huo hupenya na kushushwa hadi kwenye vipima-fokasi vilivyo chini ya mwili wa kamera. Vipima hivyo hulinganisha picha mbili za kitu kimoja na kujua papo hapo kama lenzi iende mbele au nyuma, na kwa kiasi gani. D700 ina pointi 51 za namna hiyo. P1000 hutumia njia nyingine: inasogeza lenzi, inatazama utofauti wa mwanga na giza, inapitiliza, inarudi, mpaka ipate kilele. Kwa ndege aliyetulia, njia hiyo inatosha na ni sahihi. Kwa ndege arukaye, au mchezaji anayekuja mbio kukuelekea, amekwishapita. Tena ukibonyeza picha za mfululizo, P1000 hupiga saba kwa sekunde moja, kisha inasimama kuhifadhi. Kitundu cha kutazamia cha DSLR ni kioo na mwanga tu, hakina kuchelewa. Unachokiona ndicho kinachotokea. Ukiwa kwenye 3000 na skrini ndogo ya kielektroniki jichoni, kumpata tena ndege aliyetoka kwenye fremu ni kazi kubwa, ingawa Nikon wameweka kitufe cha kurudisha zumu nyuma kwa muda, na nawasihi wenye kamera hii wakizoee kitufe hicho kabla ya kitu kingine chochote.

Betri: D700 hupiga takriban picha 1000 kwa chaji moja kwa kipimo cha kiwandani, P1000 kama 250. Beba za akiba.

Kuna mwenzetu ameniletea kikaratasi akiuliza kuhusu Sony RX10 IV ya 2017. Hiyo inakaa katikati kweli. Sensa yake ni milimita 13.2 kwa 8.8, eneo mara nne la ile ya P1000. Zumu yake inaishia mtazamo wa milimita 600, ikiwa na f/4, tundu la milimita 55. Fokasi yake hutumia njia ya kulinganisha picha mbili, tena ndani ya sensa yenyewe, na hupiga picha 24 kwa sekunde. Kwa anayetaka kamera moja tu ya safari, ambayo itashika ndege arukaye mchana na bado itoe picha ya heshima jioni, mimi ningemwelekeza huko kabla ya hizi mbili nilizoziweka mezani. Ukumbini usiku, D700 na 85 bado zinaiacha.

Nimalizie na uzee, kwa kuwa anayenunua kitu kilichotumika lazima akiangalie. Shata ya D700 ilijaribiwa kiwandani kwa mizunguko 150,000, na idadi ya mizunguko iliyopita husomeka kwenye data ya picha yenyewe. Mwombe muuzaji picha moja ya siku hiyohiyo, isiyohaririwa. Angalia vumbi kwenye sensa kwa kupiga anga jeupe ukiwa f/16. Angalia raba za mkono kama zimelegea. Hakikisha kadi zake za Compact Flash na kisomeo chake unavipata, maana si vifaa vya kawaida tena.

Lakini mlango wa lenzi wa D700 ni ule wa F, ulioanza mwaka 1959. Mwili ukifa kesho, lenzi yako ya 85 inahamia kwenye mwili mwingine, na kwa adapta inahamia hata kwenye kamera za Nikon zisizo na kioo. Superzumu motor ya zumu ikifa, umepoteza lenzi na kamera kwa pamoja. Kwa mwanafunzi anayetaka kujifunza kazi ya harusi na mikutano, hilo pekee lingenitosha kumwambia achukue D700, anunue 85 f/1.8 kwanza, aache zumu kwa mwaka wa pili. Kwa mpenda ndege ambaye hatapiga ukumbini hata siku moja, nisingemwambia hivyo. Achukue P1000 na tripodi imara, aamke mapema. Sasa leteni maswali.