Pampu Haivuti Mafuta Kutoka Mwambani

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nianze na kauli ninayoisikia hata kwa mafundi wazoefu: eti pampu ya umeme inayozamishwa kisimani huvuta mafuta kutoka mwambani. Haivuti. Mafuta hutoka kwa sababu presha ya mwamba inaizidi presha ya kisimani. Pampu inaondoa tu mzigo wa mafuta na maji unaoukandamiza mwamba.

Tuchukue mfano. Presha ya mwamba ni bar 200, chini ya kisima tunasoma bar 150. Tofauti ni 50. Kama kila bar moja inatupa mita za ujazo 2 kwa siku, tunapata 100. Shusha ya kisimani hadi bar 100, utapata 200. Kisima ni kilekile, hujachimba kingine.

Hapo ndipo tamaa huingia: mbona tusishushe zaidi? Kwa sababu ya gesi. Presha ikishuka mno, gesi iliyoyeyuka ndani ya mafuta huanza kujitenga. Impela, yaani magurudumu yenye mapanga yanayozunguka ndani ya pampu, hufanya kazi kwa kurusha kitu chenye uzito. Ikijaa gesi huzunguka bure, na mtiririko unakoma.

Mtiririko ukikoma, mota iko hatarini. Mtambo huu, ambao Armais Arutunoff, mzaliwa wa Tiflis (leo Tbilisi, Georgia), aliuingiza kwenye visima vya Marekani miaka ya 1920, una mota chini, sili ya kuzuia maji ya kisima yasiingie ndani ya mota juu yake, kisha mdomo wa kuingizia, kisha pampu yenyewe. Mota haina feni. Inapozwa na mafuta na maji yanayopita ubavuni mwake yakielekea mdomoni. Niliwahi kufungua mota iliyokaa bila mtiririko: koili nyeusi tititi, vanishi inabanduka kwa ukucha kama magamba ya samaki. Waliokuwepo waliilaumu mota. Mota haikuwa na kosa, gesi ndiyo iliyoinyima upozaji.

Jambo jingine linaloniuma ni haraka ya kuwasha upya. Pampu ikizimika, safu ya mafuta iliyomo bombani hurudi chini na kuizungusha kinyumenyume. Ukiwasha wakati huo, shafti inakatika. Ni chuma chenye unene wa kidole gumba tu, nacho ndicho kinachobeba nguvu yote. Kwa kuokoa nusu saa utalazimika kung'oa bomba zima, maelfu ya mita. Naomba sana, subirini.

Na kidhibiti mwendo, kile kinachobadilisha kasi ya pampu kwa kubadilisha masafa ya umeme? Ni chombo kizuri, nakipenda, ila kinahitaji hesabu. Ukipandisha masafa kutoka hezi 50 hadi 60, uwezo wa pampu kupitisha mafuta hupanda kwa asilimia 20, uwezo wa kuyainua kwa asilimia 44, na nguvu inayodaiwa na pampu kwa asilimia 73 hivi. Wengi wanaiona ile 20. Joto la mota, kebo na transfoma vinaiona ile 73.

Kwa hiyo mimi hupandisha hezi moja, naacha kisima kitulie, kisha nasoma presha ya mdomoni, joto la mota na mkondo wa umeme. Mkondo ukianza kuyumbayumba, gesi imeshafika. Narudisha hezi ileile moja, na hapo naacha.