Wajapani wakikuombea, ujue kazi umekosa

Habari zenu wapendwa, niko Fukuoka, Japani, na hii suti msiishangae. Nyeusi, shati jeupe, kunguru mtupu! Wenyewe wanaiita rikuruto sutsu, suti ya waomba kazi, na msimu wa shukatsu ukifika, ukipanda treni asubuhi tumejaa kunguru watupu.

Shukatsu ndiyo kusaka ajira ungali chuoni. Kwa kalenda iliyozoeleka, makampuni yanajinadi kuanzia Machi 1, usaili Juni 1, ofa rasmi, yaani naitei, Oktoba 1, halafu kazini Aprili. Wengine wanaanza mapema kimyakimya, kwa hiyo usilale.

Fomu ya wasifu ni rirekisho. Picha sentimita 4 kwa 3, na ukiijaza kwa mkono ukakosea hata herufi moja, mambo ya kupaka wino mweupe hakuna, unachukua fomu mpya. Mimi nilichana tano. Ya tano niliharibu kwenye mwaka tu: fomu inataka mwaka wa Reiwa, yaani wa enzi ya mfalme wao wa sasa, 2025 ni Reiwa 7, mimi nikaweka 6.

Sasa neno lililoniumbua: kisha. Najua, kwetu kisha ni halafu. Huku ni "kampuni yenu" kwa heshima, ila ni la kwenye karatasi. Ana kwa ana unasema onsha, maana kisha ukilitamka laweza kuwa mwandishi wa habari, au treni ya mvuke. Mimi barua yangu ya kuomba kazi nimeikariri neno kwa neno. Nikagonga mlango mara tatu kama nilivyofundishwa, nikainama, nikakaa, nikawaambia wazee watatu kwamba tangu zamani naipenda sana kisha. Wakaitikia kwa kichwa, taratibu. Mjapani hakusahihishi, jamani, anakuacha umalize.

Baada ya wiki ikaingia barua pepe. Ndefu, ya adabu, mwishoni wananiombea mafanikio zaidi huko niendako. Nikamsomea mama kwenye simu.

"Amina! Hao wacha Mungu, mwanangu, usiwaache."

Ikabidi nimweleze kwamba hiyo inaitwa oinori meru, barua ya maombi, na ukiona maombi ujue umekatwa. Akanyamaza kidogo. "Sasa wanakuombea ya nini?"

Mpaka leo nimeshaombewa na kampuni nne. Ya tano ni kesho saa nne asubuhi. Ngoja nikapige pasi hili shati.