Kipya au Kilichotumika: Tunamwandalia Nini Mtoto wa Kwanza?

MWANAIDI: Karibuni, wasikilizaji wetu, popote mlipo. Mimi ni Mwanaidi, niko hapa Dar es Salaam pamoja na mwenzangu Gerald, na leo tunazungumzia vifaa vya mtoto: kipi kinunuliwe kipya dukani na kipi kinaweza kuchukuliwa kikiwa kimeshatumika. Mada hii imetoka kwa Gerald mwenyewe, ambaye mkewe ametimiza miezi saba ya ujauzito.

GERALD: Ahsante sana, Dada Mwanaidi. Kwa wiki tatu sasa ninazunguka na daftari. Nimekwenda Kariakoo kuangalia bei za vitu vipya, nimekwenda Karume kuangalia mitumba, na kila nyumba niliyoingia nimepewa ushauri wake. Mama yangu anasema mtoto wa kwanza astahiwe, avalishwe vipya. Mke wangu anasema fedha hiyo ni afadhali iwekwe kwa ajili ya siku ya kujifungua na lolote linaloweza kutokea. Wote wawili wanasema kwa upendo, na mimi nimebaki katikati.

MWANAIDI: Nakuelewa, maana mwanangu ana mwaka na miezi miwili tu, na mimi nilianza vibaya. Nilijiwekea kanuni kwamba vitu vya bei kubwa nitavichukua vikiwa vimetumika ili nipunguze gharama, na vile vidogovidogo nitanunua vipya. Kanuni hiyo ilinipotosha. Jambo la kujiuliza, kwa maoni yangu ya sasa, ni kama kitu chenyewe kinaweza kukuonyesha kwa macho yote yaliyokipata kabla hakijafika mikononi mwako. Kijishati cha mtoto kikiwa kimechoka utaona kimepauka, mshono umeachia, kifungo kinaning'inia, hakikufichi neno. Lakini viko vitu ambavyo vinaweza kuumia kwa ndani vikabaki vinang'aa kwa nje, na kwa bahati mbaya ndivyo hivyo tunavyovitegemea kulinda uhai wa mtoto.

GERALD: Basi tuanze na vile visivyoficha. Nguo.

MWANAIDI: Kwa nguo sina wasiwasi hata kidogo, na naomba mama yako asinichukie. Mtoto anayezaliwa na kilo 3 kwa kawaida hufikisha mara mbili ya uzito huo akikaribia miezi mitano au sita, na mara tatu anapotimiza mwaka. Nguo ya mwezi wa kwanza anaivaa mara chache sana kabla haijambana, na ndiyo sababu nguo za watoto wachanga kwenye belo la mitumba mara nyingi hutoka zikiwa kama hazijaguswa. Tena wazee wetu walilijua hili kabla yetu. Mama wa pwani hamfungi mtoto mchanga kwa khanga iliyotoka dukani leo, kwa sababu doti mpya ina wanga na inakwaruza; anatafuta khanga kuukuu ya mama au ya bibi, iliyofuliwa miaka na miaka hadi ikalainika. Kwa hiyo hata mila zetu hazikusema kwamba heshima ya mtoto iko kwenye upya wa kitambaa.

GERALD: Nitampelekea mama hoja hiyo ya khanga, kwa sababu yeye mwenyewe anazo zilizokunjwa kabatini tangu nilipozaliwa. Lakini usafi je? Mtumba umepita mikono mingi.

MWANAIDI: Unaloweka, unafua kwa sabuni na maji ya moto, unaanika juani, kisha unapiga pasi ya moto pande zote mbili, hasa kwenye mishono na kiunoni. Pasi hiyo ni ya lazima hata kwa nguo mpya, kwa sababu yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, na funza wake huingia kwenye ngozi ya mtoto akatokea uvimbe kama jipu. Halafu kagua kwa vidole: kamba za kufunga shingoni zitolewe, na vifungo vilivyolegea vishonwe upya au viondolewe. Ukishafanya hivyo, mvalishe mtoto wako bila hofu. Jambo moja tu la kukumbuka ni kwamba nguo za ndani za mitumba haziruhusiwi na Shirika la Viwango Tanzania, kwa hiyo hizo zinunuliwe mpya.

GERALD: Sasa nije kwenye lile lililonisumbua zaidi. Dada yangu wa Mbezi alinipigia simu kwa furaha akaniambia nisinunue kiti cha mtoto cha kwenye gari, kwa sababu anacho cha mwanawe, kizuri, ameshakifua na kukifunga kwenye mfuko. Nilifurahi mno, kwa sababu kipya nilichokiona kilikuwa na bei kubwa. Kisha wewe ukaniuliza swali moja, na tangu hapo sikutulia.

MWANAIDI: Nilikuuliza kama gari lililobeba kiti hicho limewahi kugongwa.

GERALD: Ndilo hilo. Na nilisita kumuuliza dada yangu, kwa sababu ni mkubwa wangu na zawadi ya mkubwa haihojiwi. Hata hivyo nilimpigia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mwaka juzi waligongwa kwa nyuma kwenye mataa, gari likaingizwa gereji, mtoto hakuumia, na tangu siku ile hakuna aliyekifikiria kiti. Alisikitika sana alipoelewa kwa nini nauliza. Alisema kama nisingeuliza angenipa, na mwanangu angekalia kiti hicho.

MWANAIDI: Uliuliza kwa heshima na yeye alijibu kwa ukweli, na hiyo ndiyo faida kubwa ya kitu kinachotoka kwa ndugu. Ganda la plastiki la kiti pamoja na povu lililo ndani yake vimeundwa kupokea kishindo ili mwili wa mtoto usikipokee. Kishindo kinaweza kuacha ufa usioonekana, na povu lililobanwa halirudi lilivyokuwa. Ndiyo maana ushauri wa kawaida ni kwamba kiti kilichokuwa ndani ya gari lililopata ajali ya maana kisitumiwe tena. Muuzaji wa sokoni, hata awe mwaminifu kiasi gani, hawezi kukujibu swali hilo, kwa sababu yeye alikipokea kikiwa kimeshuka kwenye kontena na historia yake imebaki ng'ambo.

GERALD: Na nilichokiona sokoni kilikuwa cheupe, kisafi, mikanda inang'aa.

MWANAIDI: Mikanda inayong'aa kupita kiasi inanitia shaka zaidi kuliko yenye madoa. Watengenezaji wengi wanakataza mikanda kuoshwa kwa dawa za kung'arisha nguo, kwa sababu dawa hizo zinadhoofisha nyuzi. Kwa anayepewa kiti na mtu anayemfahamu, ambacho hakijapata ajali, bado kuna ya kuangalia. Kigeuze. Viti vya Marekani huwa na lebo inayoonyesha tarehe ya kutengenezwa na mara nyingi mwisho wa matumizi. Viti vya Ulaya vina lebo yenye herufi E ndani ya duara. Katika kanuni yao ya zamani ya usalama wa viti hivyo, R44, namba ya idhini iliyo kwenye lebo inapaswa kuanza na 03 au 04. Vilivyoanza na 01 au 02 viliondolewa kwenye matumizi halali huko tangu mwaka 2008. Kanuni mpya zaidi, R129, iliyoanza mwaka 2013, inataka mtoto akae akitazama nyuma ya gari angalau mpaka atimize miezi 15. Kiti kisicho na lebo kabisa, kiache hapo hapo.

GERALD: Kwa nini atazame nyuma? Shangazi yangu alisema mtoto atachoka bila kuona njia.

MWANAIDI: Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito mno kwa shingo yake. Gari likisimama ghafla naye anatazama mbele, mwili unazuiliwa na mkanda lakini kichwa kinarushwa, na shingo ndiyo inayobeba nguvu yote. Akitazama nyuma, mgongo, shingo na kichwa vinaegemezwa kwa pamoja. Na kiti cha namna hiyo kisiwekwe kamwe kwenye siti ya mbele yenye mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa sababu mfuko huo ukifumuka utakipiga kiti kutokea nyuma ya kichwa cha mtoto. Kiweke siti ya nyuma. Magari yetu mengi yana vitambaa vya siti vilivyoshonwa vikafunika vifungio vya mikanda ya nyuma, kwa hiyo kabla hujanunua kiti chochote, vifukue vifungio na ujaribu kila mkanda kama unashika.

GERALD: Na wasikilizaji wasio na gari?

MWANAIDI: Wasinunue. Familia inayosafiri kwa daladala na bajaji ina matumizi bora ya fedha hiyo, na mbeleko nzuri itamhudumia mama mwaka mzima.

GERALD: Tuzungumzie mahali pa kulala. Nilimwona fundi mmoja kule Keko ana vitanda vizuri vya mtoto, vya mninga, vipya kabisa. Hapo upya si unatosha?

MWANAIDI: Hapana, hapo ndipo upya unapoweza kukudanganya. Fundi anaweza kuwa stadi wa mbao lakini nafasi kati ya fito za pembeni akaipima kwa jicho lake, apendavyo. Viwango vya Marekani vinataka nafasi hiyo isizidi sentimita 6, ili mwili wa mtoto usipenye kichwa kikabaki kimenasa. Kwa hiyo nenda na futi yako ya kupimia, uipime kila nafasi. Kitanda cha mtumba chenye fito zilizokaribiana na skrubu zilizokaza ni bora kuliko kipya cha fito pana. Ila epuka kile ambacho ubavu wake mmoja unateremshwa na kupandishwa. Marekani ilipiga marufuku vitanda vya namna hiyo mwaka 2011, vipya na vilivyotumika, baada ya vifaa vya kushikilia ubavu huo kuachia na watoto kunasa na kufa. Na cha rangi ya zamani inayobanduka nacho kiache, kwa sababu rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na mtoto anayeota meno hutafuna ukingo wa kitanda.

GERALD: Na godoro?

MWANAIDI: Jipya. Godoro la mtoto ni dogo, bei yake inavumilika, na lililotumika limekwisha kubonyea katikati na kunywa mikojo isiyoonekana. Liwe gumu, na lijae kitandani kiasi kwamba vidole viwili havipiti pembeni. Juu yake shuka lililobana, basi. Mto, mablanketi mazito na zile pedi za kuzungushia kitanda, ambazo dukani zinapendeza mno, mtoto mchanga hazihitaji na zinaweza kumziba pumzi. Mwaka 2022 Marekani ilipitisha sheria ya kupiga marufuku pedi hizo pamoja na vilalio vya watoto vilivyoinama. Kimoja cha vilalio hivyo, Rock 'n Play cha kampuni ya Fisher-Price, kiliitwa kirudishwe, yaani wanunuzi waliambiwa waache kukitumia, mwaka 2019, takriban vipande milioni 4.7, baada ya vifo vya watoto zaidi ya 30. Ninakitaja kwa sababu kitu kilichokatazwa katika nchi moja hakitoweki duniani. Kabla hujalipia kitu cha mtumba chenye jina la kampuni na namba ya modeli, viandike kwenye simu, utafute kama kiliwahi kuitwa kirudishwe. Ni kazi ya dakika mbili.

GERALD: Chandarua?

MWANAIDI: Chandarua chenye dawa mkeo hupewa kliniki. Vile vya muda mrefu vimeundwa kustahimili miaka 3 na kufuliwa mara 20 hivi, kwa hiyo cha kuazima, ambacho hujui kimefuliwa mara ngapi, kinaweza kuwa kimebaki kitambaa tu.

GERALD: Mwenye nyumba wetu ametuahidi gari la kujifunzia kutembea, lile la matairi. Mwanawe aliacha kulitumia.

MWANAIDI: Hilo lisikanyage nyumbani kwako, liwe jipya au la zamani. Kanada ilikataza kuuza na kuingiza magari hayo mwaka 2004, hata yaliyotumika. Hayamharakishi mtoto kutembea. Yanampa mwendo asioumudu. Fikiria jiko la mkaa lililo barazani, chai inachemka, na mtoto aliyekuwa mita mbili kutoka hapo sekunde moja iliyopita. Mwambie mwenye nyumba ahsante, na umwombe beseni la kuogea kama analo.

GERALD: Beseni tumeshapata. Dada yangu, baada ya habari ya kiti, alileta beseni, khanga sita na kigari cha kusukuma, ambacho nilikijaribu breki na kufuli ya kukunjia kama ulivyonielekeza, nikaviona vinashika. Kwa hiyo kwenye daftari langu kimebaki kiti kipya, ambacho tutakichangia na shemeji zangu, na kitanda. Nilipanga kwenda Keko Jumamosi.

MWANAIDI: Nunua godoro kwanza. Ukimwachia fundi vipimo vya kichwani, atakutengenezea kitanda kizuri na godoro litapwaya pembeni. Akiwa nalo mbele yake, atakata mbao kulingana nalo.

GERALD: Basi nitalinunua Ijumaa jioni nikitoka kazini, nimfikishie Jumamosi asubuhi pamoja na futi, kabla hajaanza kukata.