Ukishamaliza mafunzo, nani anakupa ufunguo wa chumba?

[muziki unaingia, unashuka]

BEKA: Haya karibuni tena jamani popote mlipo, kwenye daladala, jikoni, kazini, karibuni. Mi Beka, niko na dada yangu Zuu. Shikamoo dada.

ZUU: Marahaba mdogo wangu. Habarini wote.

BEKA: Leo tunaanza na voisinoti. Kuna binti wa Temeke katutumia, ana miaka 22, kasoma kontemporari, ile dansi ya kisasa ya stejini, miaka mitatu, kamaliza, na swali lake ni fupi mno, anauliza sasa hivi akitaka kutengeneza kazi yake mwenyewe, sio kucheza ya mtu, yake, anaenda wapi? Akamaliza hapo hapo, hata kwaheri hakuaga.

ZUU: Nimeisikiliza mara tatu ile. Kwa sababu mi nilivyomaliza swali lilikuwa hilo hilo na hakuna aliyenijibu. Unajua ukiwa mwanafunzi una kila kitu na hujui kama unacho, una chumba, una mwalimu anakuangalia, una wenzako saa 3 kamili wapo wananyoosha viungo, halafu siku ya kumaliza unapewa cheti unapigwa picha, Jumatatu yake unaamka huna pa kwenda. Mi nilikuwa nafanyia mazoezi nyuma ya baa moja mchana kabla wateja hawajaja, sakafu ya saruji tupu, miezi minne, mpaka leo nikipanda ngazi ugoko wa kulia unanikumbusha.

BEKA: Na hela ulikuwa unapata wapi?

ZUU: Video za wasanii. Unaitwa saa 12 asubuhi, unarudi usiku, mnagawana mnachopewa. Kuna kazi moja mpaka kesho sijalipwa. Sio kwamba udansa wa video ni mbaya, hapana, kuna watu wanaufanya kwa heshima kubwa na wanajua kazi, ila pale unacheza wazo la mwingine, na ukifanya hivo miaka miwili mitatu lile la kwako linanyamaza. Nimeona kwa wenzangu, watu wenye miili inayoongea aisee, leo hawachezi kabisa.

BEKA: Sasa mi nikafikiria, wapi kuna mtu amelishika swali hili kwa mikono miwili? Nikarudi kwa watu wa Kisangani, Kongo. Kundi la dansi linaitwa Studios Kabako.

ZUU: Ndo maana nilikwambia tuwaongelee hao.

BEKA: Kwa ambao hamuijui, Kisangani ni ule mji mto Kongo unapopinda, kuna maporomoko ya Boyoma pale na wavuvi wa Wagenia na ile mitego yao mikubwa ya miti, Kiswahili kinasemwa, Kilingala kinasemwa, na kuzunguka mjini unapanda baiskeli, wanaita toleka. Mji umeumia sana, Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku 6 katikati ya mji, watu wamejifungia ndani. Sasa mkoreografa, yaani mtunzi wa dansi, Faustin Linyekula, mwanzilishi wa Kabako, ambaye ndo huko kwao, alizaliwa Ubundu 1974 akakulia Kisangani, 2006 akaamua kundi lake lihamie huko.

ZUU: Anatoka Kinshasa anarudi Kisangani! Hebu watu walielewe hilo. Alishakuwa na jina, anaitwa Ulaya anacheza kwenye kumbi kubwa, angeweza kukaa Paris na hakuna ambaye angemlaumu.

BEKA: Na kabla ya hapo anza na Nairobi, maana hii hadithi ina mguu wake hapa kwetu. 1993 vyuo vikuu vya Zaire, ndo Kongo ya leo, vilikuwa vimefungwa, Linyekula kijana anakwenda Nairobi, anaingia kwenye teatro, michezo ya kuigiza, anakutana na Opiyo Okach, dansa wa Kenya, wao wawili na Afrah Tenambergen wanaanzisha Gàara, kundi la kwanza la kontemporari Kenya. Kazi yao ya kwanza ikashinda zawadi Luanda 1998 kwenye mashindano ya koreografia ya Afrika na Bahari ya Hindi.

ZUU: Watu watatu na chumba. Usipite haraka hapo Beka. Hawakuwa na chuo, walikuwa wanaanza tu kama binti wa Temeke, tofauti ni kwamba walikuwa watatu, yaani ukichoka wewe mwenzako anafungua mlango.

BEKA: Kweli. Halafu 2001 akarudi Kongo, nchi bado ipo vitani, akaanzisha Studios Kabako Kinshasa. Na hilo jina, Kabako alikuwa rafiki yake, alikufa kwa tauni. Tauni, ugonjwa ambao wengine tunaujua kwenye vitabu vya historia tu.

ZUU: Mi hilo jina huwa linanikaa kifuani. Umepewa nafasi ya kuita kundi lako unavyotaka, ungeweka neno kubwa la kuvutia wafadhili, wewe unaweka jina la rafiki uliyemzika. Kila kijana anayeingia pale anaingia kwa jina la kijana ambaye hakufika.

[kimya kidogo]

BEKA: Haya dada, wanafanya nini hasa? Maana kusaidia vijana kila mtu anasema anasaidia.

ZUU: Ndiyo, na hapa ndo nataka tukae. Msaada tuliouzoea huku kwetu ni warsha. Anakuja mtaalamu siku 5, mnafundishwa, ijumaa mnaonyesha, mnapewa soda na cheti, jumamosi kaondoka. Nimehudhuria nyingi, zimenifundisha vitu, sizidharau. Lakini warsha haitengenezi kazi. Kabako wanafundisha pia, ila hawakuachii pale, wanakwenda na wewe toka kwenye wazo, kutafuta, kutengeneza, mpaka kazi inapanda stejini na kusafiri. Na sio dansi peke yake, kuna teatro, muziki, filamu, kwa hiyo dansa yuko chumba kimoja na mwanamuziki, na mtu wa kamera, na mwandishi.

BEKA: Mfano wangu mimi ni Dinozord. Huyu alikuwa dansa wa hiphopu wa Kinshasa, kijana kabisa, na 2006 Linyekula akatengeneza kazi ikapewa jina la huyo kijana. Jina la dansa ndo jina la kazi. Na humo humo alikuwepo Serge Kakudji, kijana wa Katanga anaimba opera kwa ile sauti ya juu sana ya kiume, kontratena, alikuwa hata 20 hajafika.

ZUU: Ndo unaona. Hakumwambia kijana achana na hiphopu yako njoo nikufundishe dansi ya maana. Alimchukua alivyo. Huku bado kuna watu wanamwona dansa wa mtaani kama mtu wa kurekebishwa kwanza, na mimi hilo linanikera, nasema wazi. Mtoto aliyekulia kwenye vigodoro, anajua kushika mdundo miguuni na kuuachia kiunoni, ule ni ujuzi, unauanzia hapo.

BEKA: Na Dorine Mokha wa Lubumbashi.

ZUU: Mungu amrehemu.

BEKA: Amina. Dorine alizaliwa 1989, dansa, mkoreografa na mwandishi, alikuwa msanii mshirika wa Kabako, na alivyosimama naye akaanzisha ART'gument kwao Lubumbashi, yaani alichopewa Kisangani akakipeleka kwao. Akafariki Januari 2021, miaka 31.

ZUU: Miaka 31, na alishafungulia wengine mlango. Kila nikimkumbuka najiuliza mi nilikuwa nafanya nini nikiwa na 31.

BEKA: Ulikuwa unafundisha watoto dada, usisahau hilo.

ZUU: Haya, tuendelee. Kitu kingine kwa Kabako nakipenda ni ile habari ya mahali. Hawakufikiria jengo moja kubwa katikati ya mji ambalo mtoto wa pembeni analiona kwa mbali. Wazo lao, walilifanyia kazi na msanifu majengo Bärbel Müller, lilikuwa sehemu ndogo ndogo kwenye mitaa tofauti ya Kisangani, kama mtu anayechoma sindano pointi kadhaa mwili mzima upate nafuu. Na mtaa mmoja ni Lubunga, ng'ambo ya mto, kule unavuka kwa mtumbwi.

BEKA: Ambako wakaishia kwenye maji.

ZUU: Maji ya kunywa! Kundi la dansi linashughulika na maji ya kunywa ya mtaa. Na ukikaa ukifikiria ni sawa kabisa, utamwambiaje jirani njoo utazame kazi yangu ya dakika 50 wakati mtoto wake anaharisha kwa maji ya mtoni? Unaishi naye. Mwaka 2014 walipata tuzo ya Curry Stone ya Marekani kwa kazi ya Kisangani hasa hiyo ya Lubunga, na ile ni tuzo ya ubunifu wa kijamii, sio ya dansi.

BEKA: Ngoja nikupinge kidogo. Hela za haya mambo nyingi zinatoka Ulaya. Linyekula alipata tuzo kuu ya Prince Claus ya Uholanzi 2007, 2016 alikuwa msanii wa mwaka mzima Lisbon, kumbi za huko ndo zinanunua kazi. Kijana wa Temeke hana hizo njia. Na hata akizipata si ataanza kutengeneza vitu vya kuwafurahisha wazungu?

ZUU: Hiyo hatari ipo, siwezi kukuambia haipo, nimeiona, mtu anaweka mshumaa na kanga na ngozi ya mbuzi kwa sababu anajua mwenye tamasha atapenda. Ila Beka, dawa yake sio kukataa hela, dawa yake ni nani anaiona kazi kwanza. Ukiionyesha kwanza kwa mama muuza chapati wa mtaa wako na bodaboda wa kijiweni, ukakaa ukasikia wanaposhangaa na wanapoanza kuangalia simu, hiyo kazi ikifika Brussels itakuwa bado ni yako. Ukitengenezea Brussels toka siku ya kwanza umeshaipoteza.

BEKA: Nimekubali nusu.

ZUU: Nusu inatosha. Sasa nikuambie kitu nilichokiona mwezi uliopita kwa macho. Kuna shule moja ya msingi, likizo, mwalimu kaniachia darasa, madawati tumeyasukuma ukutani. Nilikuwa na dansa mmoja anayeanza, simtaji. Alikuwa anatafuta namna ya kuanguka. Kuanguka tu. Anaanguka upande wa kushoto, kila mara kabla hajafika chini kiwiko kinatangulia kujizuia, na yeye hataki kiwiko kitangulie, anataka mwili wote ufike kwa pamoja kama mtu aliyepokea simu ya msiba. Masaa mawili Beka. Vumbi la chaki limemjaa kwenye taitsi nyeusi, bega limekuwa jekundu, nikamwambia pumzika akasema bado dada. Halafu mara moja tu kikatokea. Kiwiko hakikutangulia. Hakukuwa na sauti ya kishindo hata, alifika chini kama nguo iliyodondoka kwenye kamba. Tukabaki tunaangaliana.

BEKA: Mwili umenisisimka.

ZUU: Ile ndo kazi, na hakuna mtu duniani anayelipia yale masaa mawili. Wanalipia dakika 20 za stejini. Kinachofanya kundi kama la Kisangani liwe muhimu ni kwamba linamlinda mtu kwenye yale masaa, linampa chumba, linampa nauli na chakula, na mtu wa kukaa pembeni anayejua kuangalia. Na sakafu jamani, sakafu! Ukiweka mbao juu ya mirunda ikabaki hewa chini, goti linapona. Kule Senegal kwa mkoreografa Germaine Acogny, shule yake ya dansi, École des Sables, kuna ukumbi wa wazi sakafu yake ni mchanga mtupu, mchanga, na dunia nzima inakwenda kucheza pale. Hatuhitaji marumaru.

BEKA: Na hapa Dar sio kwamba hakuna kitu.

ZUU: Kipo. Bagamoyo chuo cha sanaa kipo toka 1981, siku hizi kinaitwa TaSUBa, shule ya dansi ya MuDa Africa wamefundisha vijana kontemporari, kituo cha sanaa cha Nafasi pale Mikocheni kiko toka 2008. Kujifunza unaweza. Shimo liko katikati, kati ya cheti na kazi ya kwanza, ndo humo watu wanapotelea.

BEKA: Basi mjibu binti wa watu, anasubiri.

ZUU: Mdogo wangu wa Temeke, tafuta wawili. Sio kumi, kumi watakuwa mkutano. Wawili, mmoja asiwe dansa, awe mpiga ngoma au mtu wa kushona au anayejua taa. Halafu tafuteni chumba ambacho mchana kinalala, darasa wakati wa likizo, ukumbi wa harusi jumatatu mpaka jumatano, hao watu jumatatu hawana harusi, kaongee nao kwa adabu, ahidi kufagia. Mshike saa zile zile kila wiki msizihamishe hata mvua ikinyesha. Na msikimbilie kuonyesha, ila mkionyesha waiteni majirani kabla ya watu wa matamasha.

BEKA: Na kama hapati chumba?

ZUU: Lile darasa niliongea na mwalimu mkuu jana. Likizo ijayo kakubali jumanne na alhamisi, saa 8 mpaka saa 11. Ufunguo anao mlinzi, mzee mmoja hivi mpole sana, nimeshamwambia kuna binti atakuja kuuliza. Beka utamtumia namba yangu pembeni.

BEKA: Namtumia sasa hivi kabla hatujazima.

ZUU: Mwambie aje na soksi za akiba na nguo asiyoipenda, chaki ya pale haitoki.

[muziki]